Kutoka mtungi wa ulezi hadi jeni ya binadamu: mbinu kwa mwanabiolojia wa Kisaka

Mama anayepika pombe ya ulezi pale Kisaka, wilayani Serengeti, anafuga mtungini mwake viumbe ambavyo maabara kubwa za dunia huvitumia kuuliza swali moja zito: ni jeni gani inayoiamuru seli ijigawe? Swali hilo linamhusu kuku, chura na binadamu, na linamhusu zaidi mgonjwa wa saratani, maana saratani ni seli zinazojigawa bila kusikiliza amri. Makala haya ni ya mwalimu wa biolojia wa sekondari, awe upande huu wa Mto Mara au ule wa Tarime, na ya mwanafunzi wa chuo kikuu aliyetoka huku na anatafuta mradi. Hatua za mwanzo zinawezekana kijijini kwa hadubini ya shule. Za mbele zinadai maabara yenye vifaa na vibali, na nitasema wazi mpaka uko wapi.

Historia kwanza, kwa kifupi, kwa sababu bila hiyo mbinu yenyewe haieleweki. Mwaka 1893 Paul Lindner, mtaalamu wa uchachushaji wa Berlin, alieleza chachu aliyoikuta kwenye pombe ya nafaka ya jamii ya ulezi kutoka Afrika Mashariki, akaipa jina la Schizosaccharomyces pombe. Tofauti yake na hamira ya mkate ni namna ya kuzaana. Hamira huchipua: seli ndogo huota ubavuni mwa kubwa, ikakua, ikakatika. Chachu ya Lindner ni kijiti kifupi kinachorefuka, kikajenga ukuta katikati na kupasuka vipande viwili sawa. Ukiona urefu wa kijiti unajua kimefika wapi katika safari ya kujigawa, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya wanasayansi kuipenda. (Tusijisifu kupita kiasi, lakini: ukoo unaotumika zaidi maabarani leo ulitengwa kwenye maji ya zabibu ya Ulaya, wala haukutoka kwenye mtungi wa kwetu.)

Miaka ya 1970 Leland Hartwell, akiwa Seattle, alikuwa akikusanya hamira zenye hitilafu ya ajabu: zinaishi vizuri kwenye ubaridi, ila joto likipanda zinakwama katikati ya kujigawa. Humo ikatambulika jeni ya CDC28. Paul Nurse alifanya kazi ya namna hiyo Edinburgh, katika maabara ya Murdoch Mitchison, kwa chachu ya Lindner, akaifikia jeni inayoitwa cdc2. Mwaka 1982 David Beach, Barbara Durkacz na Nurse wakaonyesha kwamba CDC28 ya hamira inaweza kushika nafasi ya cdc2 iliyoharibika, ingawa chachu hizo mbili ziliachana mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita. Ndipo mwaka 1987, London, Melanie Lee na Nurse walipothubutu zaidi: wakaiingizia chachu yenye cdc2 mbovu mchanganyiko mkubwa wa jeni za binadamu, wakangoja kuona kama kuna itakayoiokoa. Ikapatikana. Protini yake inafanana na ya chachu kwa asilimia 63 hivi, na leo tunaiita CDK1. Mwaka uliofuata ikathibitika kwamba protini hiyohiyo, kwa chura Xenopus, ni sehemu ya dutu inayolisukuma yai kuingia kwenye mgawanyiko. Hartwell, Nurse na Tim Hunt, aliyegundua saiklini katika mayai ya wanyama wa baharini, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2001.

Mantiki yake inafanana na ya fundi wa bodaboda asiye na kitabu cha vipuri. Pikipiki imekufa kwa sababu ya kifaa kimoja kinachojulikana. Fundi ana gunia la vipuri vya magari ya kila aina, hajui kipi ni kipi. Anajaribu kimoja kimoja mahali pale pale palipoharibika. Chombo kikiwaka, amejua kipuri alichoshika kinafanya kazi gani, hata kama hajawahi kukiona. Huulizi jeni inaonekanaje. Unauliza inaweza kufanya nini.

Anza na macho

Wanafunzi wengi hukimbilia DNA wakati hawajawahi kuona chachu ikijigawa. Mimi naona hilo ni kosa, kwa sababu huko mbele utaamua mambo makubwa kwa kutazama umbo la seli tu, na jicho lisilozoea litakudanganya.

Muombe mpishi chupa ndogo ya pombe siku ambayo bado inatoa mapovu, na umweleze unaipeleka wapi na kwa nini. Ikishatulia na kuwa kali, seli nyingi zimechoka. Gongo haikufai kabisa: imekenekwa kwa moto, haina chachu hai. Itikise chupa, acha machicha ya ulezi yashuke kwa dakika chache, kisha chukua tone la juu ya machicha, lichanganye na tone la maji ya sukari, funika kwa kioo chembamba, tazama kwa ukuzaji wa mara 400. Wanafunzi wasionje, chupa iwe na lebo na ikae maabara.

Utaona msongamano. Chembe za wanga za ulezi zinang'aa na hazina kitu ndani. Tone la ayodini huzigeuza bluu nyeusi, hivyo huwezi kuzichanganya na seli. Bakteria ni vidogo mno, vinatetemeka. Viduara vyenye kichipukizi ubavuni ni ndugu wa hamira, na mara nyingi ndio wengi zaidi katika pombe za nafaka za Afrika. Unachotafuta ni vijiti vyenye ncha za mviringo, unene wa maikromita 3 hadi 4, urefu kati ya 7 na 14, baadhi vikiwa na mstari katikati. Usipoviona kwenye mtungi wa kwanza, jaribu wa jirani. Jaribu pia asali mbichi, kwa sababu chachu za jamii hii hupatikana kwenye vitu vyenye sukari nyingi.

Ili kuitenga, tengeneza chakula cha kuotesha. Shule isiyo na fedha inaweza kuloweka kimea cha ulezi kwenye maji ya moto kiasi, kuchuja mara kadhaa mpaka maji yawe meupe kadiri iwezekanavyo, kuongeza aga, na kuchemsha kwenye sufuria ya presha kwa dakika 20. Kama unapata viungo vya dukani, gramu 5 za dondoo la hamira na gramu 30 za glukosi kwa lita moja ya maji zinatosha. Paka tone la pombe lililozimuliwa sana, weka mahali penye nyuzi 30, subiri siku tatu au nne. Chokonoa kila koloni, tazama kwa hadubini, pakua upya lile lenye vijiti peke yake.

Hapa kuna hila moja ambayo vitabu vya shule havina. Chachu ya Lindner ikiishiwa chakula, seli mbili huungana na kutengeneza mbegu nne zilizokaa ndani ya kifuko kimoja, na mbegu hizo zina dutu inayopokea rangi ya ayodini kama wanga unavyofanya. Acha sahani ikae siku kadhaa, kisha igeuze kifudifudi juu ya punje chache za ayodini kwenye chombo kilichofunikwa. Makoloni yenye mbegu yatakuwa ya hudhurungi iliyokoza huku ya hamira yakibaki na rangi yake. Ila hila hii inafanya kazi kwenye chakula kisicho na wanga. Kwenye ile aga ya kimea kila kitu kitakuwa cheusi, na utakuwa umejifunza kuhusu ulezi peke yake.

Kama mtungi haukukupa vijiti, somo halijapotea. Chukua hamira ya dukani, igawe mara mbili: sehemu moja kwenye maji ya sukari yenye dondoo la hamira, nyingine iliyokaa siku mbili bila chakula kipya. Hesabu seli 200 kila upande, ukitenga zisizo na kichipukizi, zenye kidogo na zenye kikubwa. Kwenye chakula kipya vichipukizi vitajaa. Kwenye njaa vitaadimika, kwa sababu seli yenye njaa humaliza mgawanyiko iliouanza na kusimama kabla ya kuanza mwingine. Ukubwa wa kichipukizi ulikuwa ndio saa ya Hartwell. Kwa jedwali lako la daftarini unafanya usomaji uleule alioufanya yeye.

Kuvuka kwenda maabara

Mpaka uko hapa. Kuingiza jeni ya mnyama ndani ya chachu ni kutengeneza kiumbe kilichobadilishwa kijenetiki. Tanzania ina kanuni za usalama wa bioteknolojia za mwaka 2009 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na utafiti huhitaji pia kibali cha COSTECH. Kazi hii ifanyike chuoni, chini ya kamati ya usalama wa kibiolojia na msimamizi anayeijua. Anza kuomba mapema. Karatasi huchukua muda kuliko chachu.

Chachu yenye hitilafu huibuni mwenyewe. Benki za koo za chachu, kama ile ya Japani inayoshughulika na Schizosaccharomyces na ile ya Norwich, Uingereza, hutuma koo zilizokwisha kuchunguzwa. Omba ukoo wenye cdc2-33. Ni wa kuhisi joto: kwenye nyuzi 25 protini yake inafanya kazi, kwenye 36 inaharibika. Sababu ya kutaka jeni ya namna hiyo ni ya wazi ukiifikiria. Jeni inayoongoza mgawanyiko ukiing'oa moja kwa moja, kiumbe hakizai, na huna cha kuotesha. Joto linakupa swichi.

Pia ukoo wako uwe na kasoro ya leu1, yaani usiweze kujitengenezea leusini. Plasmidi inayobeba jeni za mnyama itabeba na LEU2 ya hamira, inayoziba kasoro hiyo. Kwa hiyo kwenye chakula kisicho na leusini zitaota seli zilizopokea plasmidi tu. Angalia jambo la kufurahisha: hata kabla ya jaribio kuanza, jeni ya chachu moja tayari inaifanyia nyingine kazi.

Sasa gunia la vipuri, yaani maktaba ya jeni. Usitumie DNA ya kwenye kiini cha mnyama jinsi ilivyo. Jeni za wanyama wenye uti wa mgongo zimekatizwa na vipande virefu visivyotoa protini, na chachu haina uwezo wa kuvikata vyote ipasavyo. Tumia nakala zinazotengenezwa kutoka RNA ya ujumbe, ambamo vipande hivyo vimekwisha kuondolewa. Na chagua tishu inayojigawa kwa bidii: mayai ya chura, kiinitete cha kuku, au seli zilizooteshwa maabarani. Maktaba ya msuli wa ng'ombe mzima itakusumbua bure, kwa sababu jeni unayoitafuta haizungumzi pale. Maktaba zilizokwisha kutengenezwa huuzwa au huombwa, na kwa mradi wa kwanza ningekushauri uombe.

Mbele ya kila jeni pawe na kiwashio ambacho chachu inakielewa. Lee na Nurse walitumia cha kirusi SV40, ambacho kwa bahati kinafanya kazi ndani ya chachu ya Lindner. Siku hizi wengi hutumia nmt1, kinachozimwa kwa kuweka thiamini, vitamini ya kawaida. Swichi hiyo itakusaidia baadaye.

Uingizaji wenyewe ni rahisi kuliko unavyosikika. Seli zilizo katikati ya kukua huoshwa kwa lithi asetati, huchanganywa na plasmidi na polithilini glikoli, hupewa mshtuko wa nyuzi 42 kwa dakika chache, kisha humwagwa kwenye sahani zisizo na leusini. Usizipeleke kwenye joto mara moja. Ziache kwenye nyuzi 25 kwa siku moja hivi zipate kutengeneza protini mpya, ndipo uzihamishie 36. Panga kupata laki kadhaa za seli zilizopokea plasmidi, kwa sababu jeni za kuongoza mgawanyiko si miongoni mwa zile zenye nakala nyingi. Anayeishia elfu tano na kusema hakuna kitu hajatafuta.

Halafu joto. Nalisisitiza kwa sababu ndipo miradi mingi ya ukanda wetu inapofia. Inkubeta ikishuka hadi 33 usiku umeme ulipokatika, chachu yenye hitilafu itajigawa na asubuhi utakuta sahani imejaa makoloni yasiyo na maana. Weka kipimajoto kinachohifadhi kumbukumbu ndani ya inkubeta, kisiwe cha mlangoni. Tumia beseni la maji kama akiba. Sahani ambayo historia yake ya joto ina shaka, itupe.

Koloni moja, maelezo manne

Siku ya nne au ya tano, juu ya sahani yenye seli zilizokwama, vitatokea vidoti vichache vinavyokua. Furaha yako isubiri. Kidoti kinaweza kuwa kimeokoka kwa sababu cdc2 yenyewe imejirekebisha. Inaweza kuwa jeni nyingine ya chachu imebadilika na kufidia. Inaweza kuwa jeni ya mnyama imeingia, lakini inasaidia kwa njia ya pembeni. Na inaweza kuwa ile unayoitafuta. Kazi yote ya mbinu hii ni kutenganisha hayo manne, na hapa usiwe na haraka.

Lazima pawe na sahani za ulinganishi tangu mwanzo: plasmidi tupu, ambayo isiokoe chochote, na plasmidi yenye cdc2 nzima ya chachu, ambayo iokoe. Bila ya kwanza hujui makoloni mangapi yanajiokoa yenyewe. Bila ya pili hujui kama joto lako na chakula chako vinaruhusu kuokoka.

Kisha tazama kwa hadubini. Seli iliyokwama kwenye nyuzi 36 inaendelea kurefuka bila kujigawa, inakuwa nyoka mrefu mara mbili tatu ya kawaida. Iliyookolewa inarudi kuwa kijiti kifupi chenye ukuta katikati. Jicho ulilolizoesha Kisaka linakulipa hapa. Rangi ya floksini B kwenye chakula hurahisisha zaidi: koloni lenye seli nyingi zilizokufa huwa la waridi lililokolea, lenye afya hubaki jeupe.

Halafu iondoe plasmidi. Otesha koloni lako kwenye chakula chenye leusini kwa vizazi kadhaa, kwenye nyuzi 25, mpaka baadhi ya seli ziitupe. Zilizoitupa zikipelekwa 36 zinapaswa kukwama tena. Zikiendelea kujigawa bila plasmidi, ilikuwa chachu yenyewe iliyobadilika na huna ugunduzi. Kama ulitumia nmt1, weka thiamini uone kama uokozi unapungua. Ila ujue kiwashio hicho kikiwa na nguvu zake zote huvuja hata kikizimwa, kwa hiyo kwa jaribio hili tumia toleo lililodhoofishwa, nmt81.

Mwisho, itoe plasmidi kwenye chachu, izidishe ndani ya bakteria wa E. coli, irudishe kwenye chachu mbovu ambayo haijaguswa. Ikiokoa tena, ndipo ulipe fedha za kusoma mfuatano wake. Nairobi kuna maabara zinazofanya usomaji huo, na ILRI ni moja ya vituo vya ukanda vyenye uzoefu. Mfuatano ukifika, ulinganishe bila malipo kwenye hazina ya NCBI, na upande wa chachu kwenye PomBase, ambayo hufunguka hata kwenye simu.

Cdc2 ni njia iliyokwisha kukanyagwa, na inafaa kwa kujifunza. Mbinu hiyohiyo imeleta CDC25 na WEE1 za binadamu, zinazoikanyagia CDK1 mafuta na breki, na hamira isiyo na saiklini zake za mwanzo iliokolewa na saiklini za binadamu mwaka 1991. Mwaka 2015 Aashiq Kachroo na wenzake huko Texas walijaribu jeni 414 za binadamu ndani ya hamira, moja moja, kila moja badala ya jeni ambayo hamira haiwezi kuishi bila hiyo. Karibu nusu zilifanya kazi. Kwa mwenye mradi mdogo mimi naiona njia ya Kachroo kuwa ya busara kuliko kuchambua maktaba nzima: chagua jeni moja ya chura au ya kuku, iagize ikiwa tayari, ujaribu kama inaweza kushika zamu.

Zipo jeni ambazo mbinu hii haiwezi kuzipata, kwa sababu chachu haina nafasi iliyo wazi ya kuzijaza. Ya kwanza ni p53, inayozuia seli yenye DNA iliyoharibika isijigawe, na ambayo huharibika katika saratani nyingi, ikiwamo ya koo la chakula inayoisumbua sana Afrika Mashariki. Kwa hiyo watu waliigeuza mbinu. Walitengeneza hamira ambayo jeni yake ya ADE2 inawashwa na p53 ya binadamu, kisha wakaiingizia p53 iliyonakiliwa kutoka kwenye uvimbe wa mgonjwa. P53 nzima inaiwasha ADE2 na koloni linakuwa jeupe. Iliyoharibika inashindwa, rangi ya njia ya adenini inajikusanya, na koloni linakuwa jekundu. Usomaji wa mfuatano umeshaichukua kazi hiyo hospitalini, lakini kwa chuo kinachotaka kumfundisha mwanafunzi tofauti kati ya jeni nzima na mbovu, sahani yenye makoloni mekundu na meupe husomeka kwa macho matupu, na koo za hamira zinazohitajika hupatikana kwa kuwaandikia barua waliozitengeneza.